Mtoto alizama mbele yangu, na mama yake hajui mpaka leo

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 22, nasoma uhasibu mwaka wa pili hapa Dar es Salaam. Nimezaliwa Bagamoyo, na kuogelea nilifundishwa na kaka zangu baharini kabla sijaanza darasa la kwanza. Sikujua kwamba ujuzi ule ungekuja kunilisha. Mwaka jana rafiki yangu aliniambia kuna hoteli upande wa Mbezi Beach inatafuta mwalimu wa kuogelea wa watoto, Jumamosi na Jumapili tu. Nikaenda. Meneja akasema niingie majini anione, nikavuka bwawa mara nne, akaniambia nianze wiki inayofuata. Hakuna aliyeniuliza kama najua huduma ya kwanza, wala sikutia saini karatasi yoyote.

Kazi naipenda, Shangazi, tena sana. Nafundisha vipindi 3 Jumamosi na 3 Jumapili, kila kimoja dakika 45, na nalipwa shilingi 20,000 kwa kipindi. Hiyo ndiyo kodi ya chumba changu Sinza, ndiyo nauli, ndiyo chakula. Watoto wananiita kocha. Yupo mmoja alikuja hataki hata kulowesha uso, leo anaingiza kichwa chote na kutoa mapovu huku anacheka chini kwa chini. Siku aliyoelea chali bila mkono wangu, nilirudi nyumbani kwenye daladala natabasamu peke yangu.

Nilipoanza nilikuwa na watoto 6 kwa kipindi. Likizo ya Juni wakawa 9. Sasa ni 14, na kila mzazi analipa 15,000. Nimemwambia meneja mara mbili kwamba ni wengi, naye anajibu, "Si una filimbi? Wapange mstari." Mwokoaji wa bwawa yupo, lakini wikiendi wateja wakijaa anaitwa kupanga viti na kupeleka vinywaji mezani.

Sasa sikia kilichonipata Jumamosi mbili zilizopita. Nilikuwa nimembeba binti wa miaka 5 aliyekuwa analia kwa woga, amenikaba shingo. Wengine nilikuwa nimewaambia washike ukingo wapige miguu. Kelele tele, maji yanaruka, nikadhani mambo yanakwenda. Sijui nini kiliniambia nigeuke. Mtoto mmoja wa kiume wa miaka 6, mwenye miwani nyekundu, alikuwa ameachia ukingo na kusogea pale sakafu inapoanza kushuka. Hakuita. Hakurusha maji. Nilichokiona ni paji la uso na viganja viwili vinakandamiza maji, kama mtu anayepanda ngazi asiyoiona. Mdomo unatokeza, unazama, unatokeza, unazama. Alikuwa hatua nne tu kutoka niliposimama.

Nilimpachika yule binti ukingoni, nikaruka, nikamnyanyua. Akakohoa, akatapika maji kidogo, akalia. Nikamfunika taulo. Meneja alikuja akaangalia, akasema, "Akilia maana yake mzima. Usimtishe mama yake, utanifukuzia wateja." Mama mwenyewe alikuwa juu mgahawani. Aliposhuka mtoto alikuwa ameshanyamaza, anakula chipsi. Akanipa noti ya 5,000, akasema, "Ya soda, kocha. Mwanangu anakupenda." Nikaipokea. Mpaka leo iko katikati ya daftari langu, sijathubutu kuitumia.

Usingizi sina. Kila nikifumba macho naviona vile viganja. Kaka yangu anasema ninyamaze kwa kuwa hakuna aliyeumia, na nikisema nitabebeshwa lawama mimi, si meneja. Maji nimeyavulia nguo, lakini sijui kama nina nguvu ya kuyaoga. Niache kazi? Nimwambie yule mama? Na nikifukuzwa, kodi nitaitoa wapi?

Halafu, Shangazi, samahani kwa dogo hili: macho yananiwasha kila Jumapili usiku na nywele zinakatika. Nifanyeje?

Kocha wa wikiendi, Sinza

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimesimama pale penye viganja. Mimi nimefundisha watoto kuogelea Tanga kwa miaka 11 kabla mgongo haujaniambia basi, kwa hiyo nakujibu kama shangazi yako na pia kama mtu wa maji.

Mtoto yule yu hai kwa sababu uligeuka. Hilo ni lako, usikubali mtu alichukue, hata wewe mwenyewe usiku unapojisulubu. Lakini usije ukaitegemea bahati hiyo tena. Uligeuka kwa sababu kitu kilikuambia, na darasa la watoto haliendeshwi kwa kuambiwa na kitu.

Waswahili tunasema mfa maji haachi kutapatapa. Methali hiyo tunaitumia kwa mambo mengi na inatufaa, ila ukingoni mwa bwawa imewaponza wazazi wengi. Wanakaa wakisubiri kutapatapa. Wanasubiri kelele, mikono inayopungwa, maji yanayoruka. Mtoto anayezama hapungi mkono. Marekani alikuwepo mwokoaji wa ufukwe wa Orchard Beach, New York, akiitwa Frank Pia, aliyewachunguza kwenye filamu watu waliokuwa wakizama kweli, na alichokieleza ndicho hichohicho ulichokiona wewe: mwili umesimama wima, miguu haisaidii, mikono inakandamiza maji pembeni, kichwa kimelala nyuma, mdomo unapanda na kushuka usawa wa maji. Hawezi kuita kwa sababu kinywa kinatafuta pumzi, na pumzi ndiyo sauti. Hali hiyo hudumu kati ya sekunde 20 na 60, kisha mtu huzama. Wewe uliitambua ulipoiona. Wapo walimu wenye vyeti ukutani ambao wangedhani mtoto anacheza.

Chukua kalamu sasa, mhasibu wangu. Dakika 45 ukizigawa kwa watoto 14, kila mmoja anapata dakika 3 na kidogo. Mzazi aliyelipa 15,000 anadhani mwanawe amefundishwa dakika 45. Na katika dakika 3 unazompa mmoja, 13 wako peke yao majini na yule mwenye dhamana nao amewapa mgongo. Kwa watoto wasiojua kuelea mimi sikuvuka 6, na wakiwa chini ya miaka 5 nilishuka mpaka 4. Kwa hiyo hukukosea ulipomwambia meneja kwamba ni wengi. Ulipokosea, na nakuambia kwa upendo, ni pale ulipoendelea kuingia nao majini baada ya yeye kukataa. Jukumu la namba ile ni lake, lakini sehemu yake ndogo ni yako, na nadhani unaijua, ndiyo maana ile noti iko kwenye daftari.

Mwambie mama yake, na usingoje mpaka meneja akubali. Tena mwambie wiki hii, kabla ya kipindi kijacho, kwa kuonana uso kwa uso kama inawezekana, na kama haiwezekani mpigie simu. Usimwandikie ujumbe, kwa sababu ujumbe wa namna hiyo mama ataupokea yuko peke yake sokoni, na hutakuwepo kujibu swali lake la pili.

Sababu ya kwanza ni mwili wa mtoto. Mtoto aliyevuta maji kwenye mapafu anatakiwa kuangaliwa kwa saa kadhaa baada ya hapo. Akiendelea kukohoa, akipumua kwa haraka au kwa shida, akilegea au akisinzia kuliko kawaida, anakwenda hospitali siku ileile. Usiku ule yule mama hakujua la kuangalia. Siku hizo zimepita, mtoto yuko salama, hakuna haja ya kumtisha leo, lakini haki ya kujua ilikuwa yake, na ninyi wawili mlimnyima.

Sababu ya pili ndiyo inayonitia hofu zaidi. Mama huyu anaamini mwanawe anajua kuogelea. Likizo ikifika atampeleka Kigamboni au Coco Beach na watoto wa shangazi zake, atawatandikia mkeka, atafungua vyombo vya chakula, na jicho atalilegeza kwa sababu mtoto "anafundishwa". Ukimya wenu bwawani utakuwa umemfuata mpaka ufukweni.

Mwanangu, maneno usiyapambe. "Mama, samahani, kuna jambo nilipaswa kukuambia siku ileile. Mwanao aliachia ukingo akaenda penye kina, akaanza kuzama, nikamtoa. Alimeza maji kidogo. Watoto walikuwa 14 na mimi peke yangu. Usiku ule alikuwaje?" Kisha nyamaza umsikilize. Anaweza kulia. Anaweza kukufokea, tena kwa maneno mazito. Usianze kwa meneja alisema, meneja alikataza; hilo atalifikia mwenyewe akikuuliza kwa nini ulikaa kimya, na hapo mjibu ukweli. Noti yake mrudishie. Mwambie uliipokea siku ambayo hukustahili kuipokea bila kusema. Akiikataa, basi itumie kwa amani.

Kaka yako anasema utabebeshwa lawama. Inawezekana. Lakini fikiria habari hii ikimfikia mama kupitia mtoto mwenyewe. Watoto wa miaka 6 husema mambo yao wakati wao, mara nyingi wakioga au wakitaka kulala: "Mama, siku ile nilikuwa chini ya maji, kocha akanivuta." Hapo hata ukisema kweli itasikika kama kujitetea.

Sasa meneja. Usimwendee na machozi, nenda na hesabu, kwa kuwa hiyo ndiyo lugha yake na pia ndiyo fani yako. Watoto 14 kwa 15,000 ni shilingi 210,000 kwa kipindi. Wewe unachukua 20,000. Akiongeza kocha wa pili kwa malipo hayohayo, bado anabaki na 170,000. Kocha huyo analipwa na ada ya watoto wawili na chenji inabaki. Kwa watu wawili bado 14 ni wengi kidogo kwa kipimo changu, ni 7 kwa kila mmoja, kwa hiyo mwombe asimame kwenye 12. Mwambie pia mwokoaji akae kitini pake wakati watoto wako majini, bila sinia mkononi. Mwokoaji anayebeba soda ni mhudumu aliyevaa fulana ya mwokoaji. Na pale sakafu inapoanza kushuka ikazwe kamba yenye maboya kutoka ukingo huu hadi ule. Kamba hiyo ingekuwepo Jumamosi ile, mtoto angeishika.

Haya yaseme kwa mdomo, halafu mwandikie kwenye simu jioni hiyohiyo, kwa adabu: "Kama tulivyozungumza leo, naomba..." Mara mbili ulizosema hazina ushahidi. Mwombe pia mkataba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi, na kufanya kazi wikiendi hakukufanyi uwe kibarua wa kupita njia.

Akikataa namba, ondoka. Sisemi hivi kwa wepesi, kodi ya nyumba naijua. Mwambie wiki moja kabla, wape wazazi mkono wa kwaheri, usiwasengenye watu. Lakini usiingie tena majini na watoto 14, hata kipindi kimoja, hata akikuongezea 10,000. Siku ile nyingine ikija hutakuwa na maisha ya kurudia, si wewe wala wao.

Kuhusu pesa, kazi yako ni adimu kuliko unavyodhani. Masaki, Mikocheni na Mbezi yapo majengo ya makazi yenye mabwawa ambayo mwaka mzima yanaogewa na majani ya miembe tu, na wazazi waliomo humo wanatafuta mtu. Watoto 4 kwa bei ileile ya 15,000 ni 60,000, mara tatu ya unachopata sasa kwa kipindi, kabla ya kutoa cha mwenye bwawa. Ila bwawa la nyumbani lina hatari yake: hakuna mwokoaji kabisa. Kwa hiyo sharti lako la kwanza liwe kwamba mtu mzima mwingine anakaa ukingoni kipindi chote, simu imewekwa mbali na mkono wake, na asipokuwepo hakuna somo. Na uangalie maji kabla ya mtoto yeyote. Ukisimama ukingoni na huoni vizuri tundu la chujio kwenye sakafu ya upande wenye kina, rudisha watoto nyumbani, kwa sababu maji ambayo hayakuonyeshi chujio hayatakuonyesha mtoto.

Kabla ya hayo yote, nenda ukajifunze huduma ya kwanza. Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania hufundisha, waulize. Mtoto wa siku ile alikohoa mwenyewe. Angekuwa hapumui, ungefanya nini? Niliwahi kuona wanaume wanne wenye nia njema wakimning'iniza mtoto kichwa chini wakimkamua tumbo maji yatoke. Yanayomuua si maji ya tumboni, ni kukosa hewa, na kila sekunde ya kukamua ni sekunde asiyopumua. Aliyezama anapewa pumzi kwanza: mlaze chali, inua kidevu, mpulizie pumzi 5 mpaka uone kifua kinapanda, kisha mkandamize katikati ya kifua mara 30, pumzi 2, mara 30, pumzi 2, huku mwingine anapiga simu 114 ya Zimamoto na Uokoaji au anatafuta gari. Kusoma hivi hakutoshi. Mikono ijifunze juu ya mwanasesere wa mafunzo mpaka izoee.

Na darasani kwako, badilisha vitu vichache. Mtoto anayelia kwa woga usimbebe katikati ya bwawa, kaa naye kwenye ngazi, mgongo wako ukiwa ukutani na wengine wote mbele ya macho. Wahesabu kwa sauti kila baada ya zoezi, wao wenyewe watapenda kuitika namba zao. Yale maboya ya kuvaa mkononi yanayopulizwa usiyaamini, yanampa mtoto ujasiri ambao hana, siku yakivuliwa anaingia majini na ujasiri uleule. Mashindano ya nani atakaa chini muda mrefu zaidi piga marufuku, mtoto anaweza kupoteza fahamu hukohuko chini na wenzake wanamhesabia. Na kabla ya kumfundisha kuvuka bwawa, mfundishe kuanguka majini, kugeuka na kurudi kushika ukingo, kisha kulala chali apumue. Wazazi watakuuliza lini atavuka. Wajibu kwamba kwanza atajua kurudi.

Usiiache kazi hii, nakuomba. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wasiofika miaka 5. Sisi ni watu wa bahari na maziwa, tumezika watu wa MV Bukoba mwaka 1996, wa Spice Islander mwaka 2011, wa MV Nyerere mwaka 2018, na bado mtoto anaweza kukulia Mwanza au Kigamboni mpaka akaoa bila kujua kuelea. Sisemi kuogelea kungewaokoa wote wale. Nasema kila Jumamosi unawapa watoto 6 kitu ambacho shule nyingi hazina mahali pa kuwapa, na wewe ulikipata bure kwa kaka zako pale Bagamoyo.

Macho na nywele sasa. Ile harufu kali watu wanayoiita klorini nyingi, mara nyingi ni klorini iliyokwisha kuchanganyika na mikojo na jasho, na hiyo ndiyo inayowasha macho. Watoto wako wote wapite chooni na bafuni kabla ya kuingia, na wewe nunua miwani. Nywele zilowanishe kwa maji ya bomba kwanza, kwani nywele zilizoshiba maji safi hazinyonyi sana ya bwawa, paka mafuta ya nazi, ndipo uvae kofia ya kuogelea. Ukitoka zioshe hapohapo, usisubiri ufike Sinza.

Kipindi chako cha kwanza ni Jumamosi asubuhi. Mama umwone Ijumaa, kisha uniandikie alisemaje.

Shangazi